Kuchagua mashine ndogo ya kukereza chuma: kisa cha fundi wa pampu wa Umoja

Fundi ninayemzungumzia hapa hutengeneza pampu za maji. Karakana yake ni banda la mabati lenye urefu wa mita tatu na upana wa mita mbili na nusu, nyuma ya nyumba yake mtaani Umoja, na kazi haimpungukii, kwa sababu katika mitaa mingi ya mashariki mwa Nairobi maji ya mfereji huja kwa zamu, na kila mwenye ploti huyavuta kwa pampu hadi kwenye tangi la juu ili wapangaji wayapate siku ambazo mfereji umekauka. Pampu inayotumika hivyo, tena mara nyingi ikivuta hewa kabla ya kuvuta maji, hula beringi, hula sili, na mwishowe hula shafti yenyewe.

Kwa miaka mingi kila kipande kilichohitaji kukerezwa alikipeleka Kariobangi Light Industries, akakiacha hapo, akarudi siku ya pili au ya tatu, na pengine akakuta zamu yake haijafika. Alipokuja kwangu alikuwa ameweka akiba ya shilingi 150,000 na alikuwa karibu kuagiza mashine yake mwenyewe. Mimi nilifundisha kazi ya mashine hadi nilipostaafu, naye bado huniita mwalimu, ingawa hakuwahi kuketi darasani mwangu. Mashine hii, inayozungusha kipande huku kisu kikikichonga, kamusi huiita kerezo, mafundi wa Kariobangi husema lathe, nami nitasema mashine ya kukereza, au mashine tu pale maana isipopotea.

Alinionyesha picha kwenye simu. Mashine ilikuwa nzuri kwa macho: rangi mpya, kitufe cha kuzungusha cha kubadilisha kasi, na kioo kidogo cha tarakimu kinachoonyesha mizunguko.

"Mwalimu, hii inafika mizunguko 2,500 kwa dakika."

"Na chini inashika ngapi, fundi, kisu kikiwa ndani ya chuma?"

Akaipekua picha moja baada ya nyingine. "Hapo hawajaandika."

Swali hilo moja ndilo lililotuchukulia majuma matatu yaliyofuata, na kwa maoni yangu ndilo analopaswa kuanza nalo yeyote anayenunua mashine ndogo ya kasi inayobadilika. Tarakimu ya juu huandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi kwa sababu ni rahisi kuifikia: mota ikizunguka bila mzigo hufika huko hata kama ni dhaifu. Kasi ya chini yenye nguvu haifikiwi kwa urahisi huo, na ndiyo maana wauzaji wengi huipita kimya.

Kabla ya kulinganisha mashine yoyote nilimwomba daftari lake la kazi. Kwa bahati yeye ni mtu wa kuandika. Katika miezi mitatu alikuwa amepeleka Kariobangi vipande 41. Vipande 23 vilikuwa bushi na vikola vya shaba, nailoni na chuma laini, vingi vikiwa na kipenyo cha kati ya milimita 15 na 40. Vipande tisa vilikuwa shafti za mota ambazo kikalio cha beringi kimelika. Vitano vilihitaji kukatwa hesi, yaani nyuzi za skrubu. Vitatu vilikuwa puli na vichwa vya pampu vya kipenyo cha milimita 60 hadi 130. Kimoja kilikuwa shafti ndefu ya nusu mita yenye unene wa milimita 22, ambacho tulikiona, tukakicheka, tukakiacha kando. Nitakirudia.

Daftari hilo ndilo lililotupa kasi tunazozihitaji. Hesabu yake ni ya zamani na haina siri: chukua mwendo wa kukata wa chuma husika kwa mita kwa dakika, uzidishe kwa 1,000, kisha ugawanye kwa kipenyo cha kipande katika milimita kilichozidishwa kwa 3.14. Chuma laini kikikatwa kwa kisu cha HSS, chuma kigumu cha kutengenezea visu, hukubali mita 25 hivi kwa dakika, na shaba ya njano mita 60 bila shida. Kwa hiyo kikalio cha beringi cha milimita 15 kinataka mizunguko 530 hivi, bushi ya shaba ya milimita 20 inataka mizunguko 950, na puli ya chuma ya milimita 60 inataka mizunguko 133 tu. Katika vipande vyote 41 hatukupata hata kimoja kilichohitaji mizunguko 2,500. Angetumia visu vya kabaidi hesabu ingepanda mara tatu au zaidi, lakini kisu cha kabaidi hupenda mashine nzito na ngumu, ilhali kisu cha HSS kilichonolewa vizuri hukata kwa nguvu ndogo na hunolewa tena kwenye jiwe la shilingi chache. Kwa mashine ya kilo arobaini sioni sababu ya kuanza na kabaidi, ingawa wauzaji hupenda kuvitia ndani ya boksi kama zawadi.

Sasa tuje kwenye kiini cha jambo, nacho ni kinachoipata mota inapopunguzwa kasi kwa umeme. Mota za mashine hizi, ziwe za makaboni (vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye rota inayozunguka) au zisizo na makaboni, zina kikomo cha msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha, ambacho hakibadiliki sana kasi ikishuka. Ukizungusha kitufe kushusha kasi hadi nusu, msokoto unabaki ule ule, kwa hiyo nguvu ya kazi nayo hushuka hadi nusu. Ukishusha hadi sehemu moja ya kumi, mota ya wati 500 inakuwa kama mota ya wati 50. Gia au mkanda wa kupunguza kasi hufanya kinyume: kasi ikishuka nusu kwa gia, msokoto kwenye spindeli, ile shafti inayokizungusha kipande, huongezeka mara mbili, na nguvu haipotei isipokuwa ile inayoliwa na msuguano. Mashine mbili zinazozunguka mizunguko 133 zikiwa tupu zinaweza kufanana kabisa, kisha kisu kikigusa chuma moja ikaendelea na nyingine ikasimama.

Mashine ya kwanza tuliyoilinganisha ilikuwa ile ya kwenye simu: upana wa kuzungusha milimita 180 juu ya kitanda, yaani kipenyo kikubwa kabisa cha kipande, urefu wa milimita 300 kati ya ncha mbili zinazoshika kipande huku na huku, mota isiyo na makaboni ya wati 500, mkanda mmoja, hakuna gia ya kubadilisha kasi kichwani. Ilikuwa ya kuagizwa China, ikija kwa meli pamoja na mizigo ya watu wengine. Ya pili ilikuwa dukani, Industrial Area: upana ule ule wa 180, urefu wa 350, mota ya makaboni ya wati 550, na ndani ya kichwa cha mbele gia mbili, moja ya mizunguko hadi 1,100 na nyingine hadi 2,500. Ya tatu ilikuwa Colchester Student kuukuu iliyotoka kwenye karakana iliyofungwa, mashine ya Kiingereza ya uzito unaozidi nusu tani.

Ukigawanya wati kwa kasi ya juu ya kila gia unapata msokoto ambao mota inaweza kuufikisha kwenye spindeli. Mashine ya simu ilitoa nyutoni-mita 1.9. Ile ya dukani ilitoa 2.1 kwenye gia ya kasi na 4.8 kwenye gia ya polepole. Kisha tukauliza puli ya milimita 60 inadai nini. Kisu kikiingia nusu milimita na kusogea sehemu moja ya kumi ya milimita kwa kila mzunguko, kinakata eneo la milimita 0.05 za mraba, na chuma laini hupinga kwa karibu nyutoni 2,500 kwa kila milimita ya mraba. Hiyo ni nyutoni 125 ikisukuma kwenye mkono wa milimita 30, yaani nyutoni-mita 3.75. Ni mkato mdogo, mkato ambao mtu wa Kariobangi angeuona wa kupoteza wakati. Mashine ya simu hufika nusu ya njia tu, au zaidi kidogo. Ile ya dukani inaufikia kwenye gia ya polepole tu, tena bila akiba kubwa.

Ni haki niseme kwamba hesabu hii ina ukali wake. Mota zisizo na makaboni mara nyingi huruhusiwa kuzidishiwa mzigo kwa sekunde chache, na kompyuta yake ndogo huishikilia kasi vizuri kuliko mota ya makaboni, ambayo hushuka kasi kila kisu kinapogusa. Kwa upande mwingine, wati zinazoandikwa kwenye boksi wakati mwingine ni zile zinazovutwa kutoka kwenye soketi na si zile zinazotoka kwenye shafti ya mota. Nilimwambia amwandikie muuzaji amwombe tarakimu moja tu, msokoto kwenye spindeli katika mizunguko 150. Majibu yalikuja kwa adabu, pamoja na picha nyingine tatu za kioo cha tarakimu.

Colchester ilitaka kunivunja moyo, kwa sababu mimi mwenyewe nimefanya kazi kwenye mashine za namna hiyo na najua mkato wa milimita mbili unavyopita bila hata sauti kubadilika. Hapo swali la msokoto halikuwepo kabisa. Lililokuwepo ni umeme. Nyumba ya fundi ina umeme wa fezi moja, volti 240, nayo mota ya mashine ile ni ya fezi tatu, volti 415. Ziko inveta zinazopokea fezi moja na kutoa fezi tatu, lakini zile za kawaida hutoa volti 240 kati ya fezi na fezi, kwa hiyo ni lazima mota iunganishwe kwa muundo wa pembetatu badala ya nyota, ambazo ni namna mbili za kuunganisha koili zake tatu. Mota nyingi za zamani zimefungwa nyota ndani kwa ndani, ncha zikiwa zimezikwa kwenye waya, na fundi wa kufunga mota ni lazima aifungue aitoe ile nyota nje. Jambo hilo linawezekana, na katika banda kubwa lenye sakafu nzuri ningelishauri. Katika banda la mita mbili na nusu, na lango la ploti lenye upana wa mlango wa choo, nusu tani haingii. Tulilipima lango kwa futi kamba, tukaachana na Colchester hapo hapo.

Kuhusu umeme wa mashine ndogo kuna mambo mawili ambayo wanunuzi wa Nairobi huyakuta baada ya kulipa. La kwanza ni swichi. Umeme ukikatika mashine ikiwa inazunguka, kisha ukarudi baada ya dakika kumi na wewe umeinama ukibadilisha kipande, na pengine ufunguo wa taya zinazoshika kipande bado uko tunduni mwake, swichi ya kawaida itaiwasha mashine mbele ya uso wako. Inatakiwa swichi inayojiangusha umeme ukipotea na isiyowaka tena mpaka ibonyezwe kwa mkono. Zipo mashine za bei nafuu zisizo nayo, na hiyo peke yake ingenitosha kuzikataa. La pili ni mashine za Marekani za volti 110, ambazo huonekana mitumbani kwa bei ya kuvutia. Kwa kuwa umeme hugeuzwa kuwa wa mkondo mmoja (DC) kabla ya kufika kwenye mota, tofauti ya hezi 50 na 60 haiisumbui, ila itahitaji transfoma ya kushusha volti yenye uwezo unaozidi wa mota kwa kiasi kizuri, na transfoma hiyo ni mzigo na gharama ya pembeni.

Nilizingatia pia siku ya kuharibika. Makaboni ya mota hupatikana Kirinyaga Road na Luthuli Avenue, na hata yakikosekana ya kipimo kamili fundi huyachonga ya drili kwa tupa mpaka yaingie. Bodi ya kudhibiti kasi ni ngumu kidogo kuipata, lakini mota ya makaboni ya mkondo mmoja ni kitu kinachoeleweka. Nimeona mashine iliyofufuliwa kwa mota na bodi ya mashine ya kukimbilia mazoezi iliyonunuliwa mtumba. Mota isiyo na makaboni na bodi yake ni mume na mke: kimoja kikifa, kingine hakiolewi na mtu mwingine. Kwa mtu anayeishi Shanghai hilo si tatizo, ila fundi wetu anaishi Umoja.

Hesi zilituchelewesha zaidi ya nilivyotarajia. Skrubu ya kuongoza, inayosogeza kigari cha kisu, kwenye mashine ya dukani ina hatua ya milimita 1.5 (umbali kati ya uzi na uzi), nazo gia zake za kubadilisha zinaweza kutoa hatua za kawaida za milimita. Mabomba na pampu za Nairobi, hata hivyo, huishi kwa inchi: tundu la nusu inchi la BSP, kipimo cha Kiingereza cha mabomba, lina nyuzi 14 kwa inchi, na la inchi moja lina nyuzi 11. Kwa mashine ya milimita njia safi ya kukata inchi ni gia ya meno 127, ambayo ni kubwa mno kuingia chini ya kifuniko cha mashine ndogo. Mafundi wa zamani walitatua hilo kwa gia ya meno 63 ikishirikiana na ya meno 80. Themanini ukigawanya kwa sitini na tatu unapata 1.26984, ilhali inayotakiwa ni 1.27. Kwenye hesi yenye urefu wa milimita 20 kosa lake ni karibu milimita 0.0025, na hakuna bomba litakalolijua. Tukamwuliza mwenye duka kama gia ya 63 imo ndani ya boksi. Haikuwemo, lakini alikuwa nayo kwenye droo ya vipuri, naye akaitoa kama sehemu ya bei baada ya mvutano mfupi.

Hapo pia kasi ya chini ilirudi kwa mlango mwingine. Hesi yenye hatua ya 1.5, 0.75 au 0.5 hukuruhusu kufungua nati ya nusu, ile inayoishika skrubu ya kuongoza, na kurudisha kigari kwa mkono popote, kwa sababu hatua hizo huingia kikamilifu ndani ya 1.5. Hesi ya M12 yenye hatua ya 1.75 haiingii, kadhalika za inchi, kwa hiyo nati huachwa imefungwa na mashine yenyewe hurudishwa nyuma kwa kugeuza mota. Anayekata hesi inayoishia kwenye bega anataka mizunguko 60 au 70 ili mkono wake uwahi swichi, na hapo ndipo mashine isiyo na gia ya polepole hukwama katikati ya uzi wa tatu.

Tulikwenda dukani Jumanne asubuhi tukiwa na kipande cha chuma laini cha milimita 60, kisu cha HSS nilichokinoa mwenyewe, kipimo cha mshale, na kijiti kilichosagwa cha milimita 12. Mwenye duka alikubali tujaribu, labda kwa sababu hakuna mteja aliyewahi kumwomba hivyo. Kwanza niliugusisha mshale wa kipimo ndani ya tundu la spindeli, nikaizungusha kwa mkono: ulitikisika milimita 0.01, ambayo ni nzuri. Kijiti kikiwa kwenye taya tatu ulitikisika milimita 0.06. Hilo si kasoro kwa kishikio cha taya tatu cha bei hii, lakini ni jambo la kujua, kwa sababu kipande kikitolewa na kurudishwa kwenye taya hakirudi pale pale. Bushi ni lazima itobolewe na kukerezwa nje bila kufunguliwa, na shafti yenye kikalio cha beringi ni lazima ikae kati ya ncha mbili, kwenye matundu ya katikati yaliyoachwa na kiwanda.

Kisha tukafunga kipande cha milimita 60 kwa taya za kugeuza. Kijana wa duka aliweka gia ya kasi, akashusha kitufe hadi mizunguko 130, nami nikasogeza kisu nusu milimita. Spindeli ilizunguka labda mara nne. Sauti ya mota ikawa nzito, kisha ikawa mvumo tu, na chuma kikasimama na kisu kimezama ndani yake. Kijana, kwa nia njema, akaongeza kitufe. Mashine ilikaa kimya kwa muda wa kuvuta pumzi, halafu ikaruka kwa kasi yote aliyoiomba, na ncha ya kisu changu ikaenda kugonga bati la ukutani. Fundi alikuwa amesimama upande wa pili, nashukuru.

Nilinoa ncha nyingine. Tukaizima mashine, tukaigeuzia gia ya polepole ikiwa imesimama kabisa, tukarudia mkato ule ule. Safari hii kasi ilishuka kidogo, mota ikanguruma, na vipande vilivyojisokota vikaanza kudondoka kwenye trei, virefu, vyeupe, vyenye joto la kuvumilika mkononi. Fundi hakusema kitu. Alichukua kimoja akakitia mfukoni.

Alilipa shilingi 128,000 pamoja na kishikio cha taya nne zinazojitegemea, gia ya 63 na seti ya akiba ya gia za plastiki za kichwani. Watu huzidharau gia za plastiki, nami siko pamoja nao kabisa: kisu kikikwama, ni bora jino la plastiki livunjike kuliko shafti ipinde au bodi iungue. Sharti lake ni kuwa na nyingine kwenye droo. Yake ya kwanza ilivunjika wiki ya tano, alipogeuza gia huku spindeli bado inamalizia kuzunguka, naye akaibadilisha jioni ile ile.

Kilichoharibika kwa makosa yangu ni meza. Nilikuwa nimetumia majuma matatu kuhesabu msokoto na sikuuliza hata mara moja mashine itakaa juu ya nini. Aliiweka kwenye meza ya mbao iliyokuwa ya kufungulia mota. Bushi ya kwanza ya shaba ilitoka na mawimbi madogo mwili mzima, kama maji ya bakuli likigongwa, na kukata kipande kitengane na kijiti kuliifanya meza yote icheze. Alidhani ameuziwa mashine mbovu. Tuliibana vizuri vile vibao vya kurekebisha kigari, ambavyo kiwandani vilikuwa vimeachwa vimelegea, na nusu ya mawimbi ikaondoka. Nusu iliyobaki iliondoka siku alipochomelea meza ya vyuma vya pembe vya milimita 50 na kumimina juu yake bamba la zege la unene wa milimita 100, urefu wa milimita 900 na upana wa 400. Bamba hilo lina uzito wa kilo 86 hivi, mara mbili ya mashine yenyewe. Ningekuwa nimeliwaza mapema, lingekuwa ndani ya bajeti. Lilivyo, lilikula akiba yake ya visu.

Kikalio cha beringi alikimudu kwa haraka kuliko nilivyodhani. Mota ya pampu ya nusu nguvu-farasi mara nyingi hubeba beringi ya 6202, yenye tundu la milimita 15, na shafti ikilika hata milimita 0.05 beringi huanza kuzunguka juu yake na kuila zaidi. Yeye huijaza kwa kuchomelea, huikalisha rota nzima kati ya ncha mbili, na kuishusha kwa mikato ya milimita 0.05, kisha ya 0.02, akipima kwa maikromita kila mara kwa kuwa venia kalipa haiaminiki kwa kazi hiyo. Rota ya milimita 260 inaenea vizuri kwenye urefu wa 350. Kwenye mashine ya 300 ingeenea pia ikiwa kati ya ncha, lakini kipande cha kushikwa kwa taya kingebanwa, kwa maana urefu ulioandikwa hupimwa bila kishikio na bila drili, na ukishatia kishikio cha taya na kishikio cha drili nafasi inayobaki huwa pungufu kwa kiganja kizima au zaidi.

Imebaki ile shafti ya milimita 22. Tundu la spindeli lina milimita 20, kwa hiyo shafti haipiti ndani, na kwa urefu wa nusu mita haikai kati ya ncha pia. Daftari lilikuwa na moja tu kati ya 41, nasi tukaihesabu kama bahati mbaya ya mara moja. Hatukuwaza kwamba jirani wakisikia mlio wa mashine bandani mwake wangeanza kumletea shafti za mashine za posho. Mwezi wa nne alipata tatu, na zote zilikuwa nene na ndefu. Alizifunga kwa kamba nyuma ya bodaboda, akazipeleka Kariobangi kwa yule yule mzee wa siku zote, akaambiwa arudi Ijumaa.